Shajara ya mradi: Potaleji kuukuu na uzi uliochoka kabla ya mkanda

Siku ya 1

Mfuko umefika leo. Ndani mna potaleji ya watu wawili, kile kitanda cha kukunja ambacho wapandaji wa magenge makubwa hukitundika ukutani na kulala juu yake, ardhi ikiwa mamia ya mita chini yao. Aliyenipa ni mzee aliyezipanda kuta hizo ujanani, na sasa magoti yamemgomea. Aliniambia maneno machache tu: "Mwanangu, hii imenilaza usiku mwingi. Ukiona inafaa, itumie. Ukiona haifai, ikate vipande, usimpe mtu."

Nayaweka maneno hayo mwanzoni kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Sitaki kuipamba wala kuitundika sebuleni. Nataka kujua kama watu wawili wanaweza kuiamini usiku kucha, na kama hawawezi, nijue hasa ni kitu gani ndani yake kilichozeeka.

Anasema aliinunua mwishoni mwa miaka ya 1990, akaitumia misimu kama kumi, kisha akaifunga kwenye mfuko na kuiweka stoo. Nilipolegeza kamba ya mfuko harufu ya uchachu ilinipiga usoni, kali kama ya matapishi yaliyokauka. Nimeifungua dirishani, nikaiacha ipigwe na upepo, nikafunga siku.

Siku ya 2

Nimeitandaza sakafuni yote. Kwa asiyewahi kuiona: fremu ni mabomba saba ya alumini yanayochomekana, na kona nne zinazoyashika. Ikiunganishwa inapata urefu wa kama mita 2 na upana wa mita 1.2. Kitambaa kizito kimevutwa katikati ya fremu kama ngozi ya ngoma. Mikanda sita inapanda kutoka kwenye fremu, mitatu upande wa ukuta na mitatu upande wa nje, ikakutana juu kwenye kitanzi kimoja kinachoning'inia kwenye nanga, yaani vyuma vilivyoshikizwa kwenye jiwe. Kila mkanda una bizimu ya kukazia, ili kitanda kikae sawa hata jiwe likiwa limejipinda. Juu ya vyote huja hema la kuzuia mvua.

Jambo moja lisisahaulike: aliyelala humo hakitegemei kitanda kumzuia asianguke. Hanesi yake, ile mikanda ya usalama anayoivaa mwilini, imefungwa kwa kamba moja kwa moja kwenye nanga, usiku na mchana, hata anapokwenda haja. Lakini kitanda kikikatika saa nane za usiku katikati ya theluji, kamba itakuokoa na anguko tu. Haitakuokoa na baridi.

Kabla ya vitanda hivi watu walilala kwenye machela ya kitambaa, mabega yamebanwa na uso umesukumwa kwenye jiwe. Warren Harding na Dean Caldwell walikaa siku 27 kwenye El Capitan, ukuta mkubwa wa mwamba huko Yosemite, Marekani, mwaka 1970, na walilala hivyohivyo kwenye machela. Vitanda vya fremu vilianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na vile vya kwanza vilikuwa dhaifu. Mwaka 1986 John Middendorf na wenzake wawili walinaswa na dhoruba kwenye uso wa kusini wa Half Dome, mwamba mwingine wa huko Yosemite, vitanda vyao vikashindwa kuihimili, na helikopta ndiyo iliyowatoa. Middendorf alitoka hapo akaingia kwenye ubunifu wa vitanda vilivyo imara zaidi, chini ya kampuni yake, A5. Kila nikishika kona nene ya hii niliyo nayo, naona alama ya somo la miaka ile.

Siku ya 4

Nimeharibu bomba leo.

Viungo vitatu vilitoka kwa mkono. Cha nne, kona ya upande wa ukuta, kilikataa kabisa. Nilipopangusa mdomo wa bomba nikakuta unga mweupe mkavu, kama chokaa. Huo ndio "kutu" ya alumini. Kona imeshikwa na ribiti za chuma cha pua, na metali mbili tofauti zikigusana kwenye unyevu wenye chumvi, ile dhaifu kati yake, yaani alumini, ndiyo inayoliwa. Chumvi si lazima itoke baharini. Jasho la mikono ya mtu anayefungua na kufunga kitanda kila asubuhi kwa misimu kumi linatosha.

Nilitia mafuta ya kulegeza, nikasubiri saa moja, nikakosa subira na kuchukua nyundo. Nyundo ya mpira, lakini bomba niliishikilia kwa koleo, na meno ya koleo yakaacha bonde lenye kina cha karibu milimita 1. Bomba jembamba likiwa na bonde halina nguvu ileile tena. Linapopindwa, mkazo wote hukimbilia hapo. Kona nikaiacha ndani ya mafuta usiku kucha, na asubuhi ya pili ikatoka kwa kuizungusha polepole kwa mkono. Ningesubiri tu.

Siku ya 6

Siku nzima ya mabomba. Niliyaosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, nikayakausha, nikayaviringisha moja moja juu ya kioo cha meza. Bomba lililonyooka huviringika kimya, lililopinda hutembea kwa kudunda. Mawili yalidunda, yote ya upande wa nje, mahali watu wanapokaa wakining'iniza miguu na uzito wote kuegemea ukingo mmoja. Sitayanyoosha. Alumini iliyotiwa ugumu kiwandani ukiikunja kuirudisha baridi, unaweza kuianzishia ufa mahali usipopaona.

Bomba la upande wa ukuta lina historia ya aina nyingine. Limekwanguliwa na jiwe mpaka rangi yote imekwisha kwa urefu wa kiganja. Nimepima unene kwa kalipa sehemu tano na kukuta jiwe limekula kidogo sana. Linaonekana baya kuliko lilivyo.

Ufa nimeukuta nisipoutafuta. Nilikuwa natazama tundu la ribiti kwenye kona ya tatu kwa kioo cha kukuzia, nikaona mstari mmoja mwembamba kama unywele, mweusi kwa sababu ya uchafu ulioingia, ukitoka kwenye ukingo wa tundu kuelekea nje, wa milimita 4 hivi. Nikapaka wino, nikapangusa. Wino ukabaki ndani ya mstari. Huo ni uchovu wa metali. Alumini, tofauti na vyuma vingi, haina kiwango cha mzigo mdogo ambacho unaweza kuirudia milele bila madhara. Kila kukalia na kuinuka kunahesabiwa, na hesabu huanzia kwenye tundu, kwa sababu tundu ndipo mkazo unapokusanyika.

Jumla: kona moja na mabomba matatu hayarudi. Yaliyobaki mazima ni mabomba manne na kona tatu. Sikutegemea kwamba fremu ingekuwa na hali nzuri kiasi hicho.

Siku ya 9

Hema. Nitasema kwa kifupi kwa sababu hakuna la kuokoa.

Kwa nje rangi bado inang'aa, mtu angedhani halijatumika sana. Kwa ndani linanata, pande mbili zikigusana unazitenganisha kwa kuvuta, na utando unabaki kwenye vidole kama gundi. Ule utando wa poliurethani uliokuwa ukizuia maji umevunjwavunjwa na unyevu wa stoo, mwaka baada ya mwaka, gizani. Harufu ya siku ya kwanza ilitoka hapa. Utepe uliobandikwa juu ya mishono umejibandua wenyewe na unaning'inia kama ganda la kitunguu. Nilimwaga nusu kikombe cha maji katikati. Yakapita yote kabla sijaweka kikombe chini.

Kamba za mpira zilizokuwa zikishikilia mabomba yasipotee nazo zimekufa. Ukizivuta hazirudi, na kwa ndani mpira umekuwa makombo.

Kilichonishika ni kwamba hema limeharibiwa na kufichwa. Lingekuwa kavu, limelegezwa, lisiloshindiliwa ndani ya mfuko, pengine lingefika mbali. Mikanda, kama nilivyokuja kuona, imeharibiwa na kinyume chake.

Siku ya 12

Nimempigia mzee simu kabla ya kuanza mikanda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umefika wapi?"

Nikamweleza kuhusu ufa na hema. Alinyamaza kidogo, kisha nikamuuliza swali nililokuwa nalo: je, aliwahi kuiacha nje kwa muda mrefu? Akasema ndiyo. Mara mbili waliiacha imetundikwa kwenye kambi ya juu wiki tatu nzima wakati wakishuka kufuata chakula na kusubiri hewa itulie. "Tulikuwa tukiona ni kazi bure kuishusha," akasema.

Wiki sita za jua la milimani, ambako hewa ni nyembamba na miale ya urujuanimno ni mikali kuliko bondeni. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nacho mezani.

Mikanda ilikuwa ya zambarau. Sehemu zilizokuwa zimekunjwa ndani ya pindo la kitambaa bado ni zambarau iliyokoza. Sehemu zilizokuwa nje zimekuwa za kijivu chenye wekundu hafifu, na ukizisugua kwa kidole zinaacha vumbi laini. Rangi iliyofifia peke yake haipimi nguvu, maana rangi nyingine hufifia upesi na nailoni ikabaki nzima, na nyingine hukaa huku nailoni ikifa. Lakini vumbi ni kitu kingine. Vumbi ni nyuzi zenyewe zikivunjika.

Nikaweka mshono chini ya kioo cha kukuzia, ule unaofunga kitanzi cha mkanda kwenye kona ya nje. Ni kisanduku cha zigizaga, cha urefu wa kama sentimita 3. Kwa macho matupu kiko salama, kimejaa na kimekaza. Chini ya kioo nikaona kila mahali uzi unapopanda juu ya mkanda umekatika nusu, manyoya yamesimama pande zote, na kati ya manyoya hayo unabaki mshipa mmoja au miwili inayoshika kazi. Nikachukua ncha ya sindano, nikaigusa mishono mitatu ya kwanza bila kutia nguvu. Ikakatika kwa zamu, bila sauti. Nikageuza kitanzi upande uliokuwa umeegemea kitambaa. Huko uzi ni mzima, unang'aa, na sindano ilipita chini yake bila kuukata.

Hili ndilo ninalotaka kulisisitiza katika shajara nzima. Watu hupima umri wa kitanda kwa mkanda, kwa sababu mkanda ndio unaoonekana kubeba. Lakini mkanda ni mnene. Jua likiharibu tabaka la juu, lililo chini linafunikwa na lile lililokufa. Uzi hauna cha kujificha nyuma yake. Ni mwembamba, mwale unaufikia mpaka kati, na kwa kuwa umekaa juu ya mkanda, ndio unaokwanguliwa kwanza na jiwe. Na katika kitanda hiki hakuna mkanda hata mmoja unaofanya kazi bila mshono kuushika. Uzi ukiisha, mkanda imara ni utepe tu.

Siku ya 13

Nimevuta. Nina winchi ya mkono na mizani ya kuning'iniza ya karakana. Nikaweka blanketi nzito juu ya kila kitu, kwa sababu mkanda ukikatika chini ya mzigo huruka.

Nilikata vipande viwili kutoka mkanda mmoja, wa upana wa milimita 25: kimoja kutoka kwenye pindo, kimoja kutoka juani. Mkanda uleule, kiwanda kilekile, umri uleule. Cha pindoni kilikatika kwenye kilonyutoni 8.9. Cha juani, 3.7. Kisha nikavuta kitanzi kizima cha kona ya nje pamoja na mshono wake. Mshono ulianza kufunguka kwenye 1.9, kisanduku chote kikachanika kama zipu, na mkanda wenyewe ukabaki haujaguswa.

Hii ni mizani ya karakana na vipande vichache, kwa hiyo sizichukulii namba hizi kama sheria ya vitanda vyote. Lakini mpangilio wake ndio ule niliouona chini ya kioo: uzi, kisha mkanda wa juani, kisha mkanda wa kivulini.

Watu wawili na mizigo yao hufika kilo 200, karibu kilonyutoni 2. Wakilala vizuri uzito unagawanywa kwa mikanda sita. Wakikaa pamoja ukingo wa nje asubuhi wakivaa viatu, karibu wote unabebwa na mikanda mitatu, na wakisogea kona moja, mmoja unachukua sehemu kubwa. Bado mshono wa 1.9 ungeshika, siku ya kawaida. Lakini mmoja akiteleza na kukalia kona kwa kishindo, mzigo wa ghafla unaweza kuzidi mara mbili ya ule uliotulia. Mzee alilala juu ya mishono hii, au mishono iliyokuwa njiani kufika hapa. Nilikaa kimya karakana nikifikiria hilo kwa muda mrefu.

Uamuzi wa leo: mikanda yote sita inatoka, pamoja na mizuri. Kitambaa cha kulalia nacho kinatoka. Pembe zake mbili zimeliwa kati ya kona ya fremu na jiwe mpaka unaona mwanga, na kimeshonwa kwa uzi ule ule.

Siku ya 20

Mabomba matatu mapya ya kipenyo na unene uleule yamekuja, na kona moja nimeichongesha. Kwenye kila ribiti nimeweka kijiwambo chembamba cha plastiki ili chuma cha pua kisiguse alumini. Matundu nimeyasugua kwa msasa laini mpaka ukingo hauna jino hata moja.

Kitambaa kipya ni poliesta nzito. Nailoni ikilowa huvutika, na kitanda kilichokazwa jioni kinakuwa beseni alfajiri. Poliesta haivutiki kiasi hicho na inavumilia jua zaidi. Mikanda nayo nimechukua ya poliesta, kwa sababu hapa sihitaji ule mnyumbuko wa nailoni unaopendwa kwenye kamba za kupandia. Bizimu za zamani zinarudi: nimekagua meno yake, ni makali bado na hayana ufa.

Siku ya 23

Cherehani imeniadhibu siku tatu. Tabaka nne za mkanda ni nene, na sindano mbili zimevunjika. Fundi mmoja wa turubai alinionyesha kosa langu kwa kutazama tu upande wa chini wa mshono: "Uzi wako wa chini umelegea, ndiyo maana unafanya vifundo. Kaza bobini, punguza mwendo." Nikapunguza, ukatulia.

Jambo moja nililolifanya makusudi: mikanda ni myeusi, uzi ni wa njano. Mtengenezaji wa zamani alishona zambarau juu ya zambarau. Inapendeza, lakini inaficha. Njano juu ya nyeusi, uzi ukianza kuota manyoya au pengo likitokea, jicho linaliona kwa mwanga wa tochi ya kichwani. Na juu ya kila mshono wa upande wa nje nimeweka kifuniko cha kitambaa kinachofunguka. Kinazuia jua na jiwe, na kinafunuliwa mtu akitaka kukagua. Kifuniko kilichoshonwa moja kwa moja ningekikataa, kwa sababu kingenirudisha kwenye kuamini nisichokiona.

Siku ya 27

Nimeitundika kwenye boriti na kuijaza madumu ya maji mpaka kilo 300, saa 24. Kisha nikahamishia madumu yote ukingo wa nje, saa sita. Mikanda ilijikaza, fremu ikapinda kidogo na kurudi. Kila mshono nimeupitia kwa kioo kabla na baada, na hakuna uliobadilika.

Siku ya 29

Mimi na mwenzangu tumelala humo, kwenye jiwe halisi, mita 2 tu kutoka ardhini, nanga mbili na hanesi zetu zimefungwa kama tungekuwa mita 500. Saa tisa za usiku nikasikia mlio mfupi, kavu. Nikawasha tochi, nikafunua vifuniko vyote sita. Njano ilikuwa kamili. Mlio ulirudi mwenzangu alipogeuka, nikaufuata kwa mkono mpaka kwenye kiungo cha bomba la kutanulia la katikati, mahali bomba jipya linapoingia kwenye la zamani. Limelegea kwa unene wa karatasi. Nimelitia alama, nitalitafutia jozi yake.

Asubuhi nimeandika chini ya kitambaa kwa kalamu isiyofutika: mwezi na mwaka wa kushonwa, aina ya uzi, na mstari mtupu wa kuhesabia siku zitakazopigwa na jua. Haitapanda ukuta mrefu mpaka iwe na hema jipya, na hiyo ni kazi ya miezi ijayo.

Mikanda ya zamani nimeikata vipande vya urefu wa kiganja, ili asiwepo wa kuiokota na kuifungia kitu. Kipande kimoja nimekiacha kizima, kile chenye zambarau upande mmoja na kijivu upande wa pili. Nilimpelekea mzee. Alikipitisha dole gumba kutoka upande hadi upande, akatazama vumbi lililobaki kidoleni, akaniuliza nimetumia uzi wa rangi gani.